Vinasaba vipimwe kabla ya dawa? Inategemea dawa gani

Kodeini, dawa ya maumivu, yenyewe haitulizi sana maumivu. Kazi hiyo hufanywa na mofini, ambayo ini huitengeneza kutoka kwenye kodeini kwa kimeng'enya kiitwacho CYP2D6. Wapo watu ambao jeni yao ya kimeng'enya hicho haifanyi kazi. Humeza dawa na maumivu yakabaki palepale. Wengine wana nakala za ziada za jeni hiyo, na mofini hufurika mwilini. Watoto kadhaa walikufa kwa kushindwa kupumua, wengi wao baada ya kukatwa matonsili, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo kali. Mwaka 2017 ikakataza kodeini kwa walio chini ya miaka 12.

Kwa hiyo wanaotaka mgonjwa apimwe vinasaba kwanza hawapigi porojo. Abakaviri, dawa ya VVU, huweza kuleta mzio wa kuua kwa baadhi ya wenye kinasaba HLA-B*57:01. Utafiti wa PREDICT-1 wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wenye kinasaba hicho wakipewa dawa nyingine, mzio uliothibitishwa kwa kipimo cha ngozi hautokei kabisa.

Lakini abakaviri ni mfano mwepesi mno: kinasaba kimoja, hatari inayojulikana, dawa mbadala ipo. Tazama wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Dozi yake hutegemea jeni za CYP2C9 na VKORC1, na pia umri, uzito, chakula na dawa nyingine. Mwaka 2013 majaribio mawili ya kupanga dozi kwa vinasaba yalitoa majibu tofauti: la Ulaya likaona faida, la Marekani halikuona. Tena katika hilo la Marekani, kuganda kwa damu ya wagonjwa weusi waliopangiwa dozi kwa vinasaba kulidhibitiwa vibaya zaidi kuliko kwa wenzao waliopangiwa bila vinasaba. Kanuni iliyotumika kukokotoa dozi haikuhesabu CYP2C9*8, badiliko la jeni linalopatikana zaidi kwa wenye asili ya Afrika.

Hapo wengine hukimbilia kukisia kwa rangi ya ngozi, jambo baya zaidi, maana Waafrika ndio wanaotofautiana kijeni kuliko watu wote duniani. Rangi haisemi nani ana jeni ipi.

Mimi ningepima bila kusita kwa abakaviri, na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kabla ya primakwini, dawa ya malaria inayoweza kuzipasua chembe hizo kwa wenye upungufu huo. Kwa wafarini ningesubiri kanuni iliyojengwa kwa takwimu za watu wa asili zote. Kwa sasa kipimo cha kuganda kwa damu, kikirudiwa mara kwa mara, kinamtosha daktari kurekebisha dozi.