Mtu Makini Atafute Kazi Ambayo Kosa Lake Huchelewa Kuonekana

Kijana anayehakiki kila tarakimu kabla ya kusaini huitwa mzito, na lawama hiyo ina msingi. Siku ya soko la tumbaku kwenye chama cha msingi cha ushirika Urambo au Kaliua, mkoani Tabora, wakulima wamefika alfajiri na lori la mnunuzi linangoja. Karani anayesoma mizani mara tatu kwa kila robota, yaani furushi la tumbaku, anawakwamisha wote. Msimamizi anayetaka mtu mwepesi hajakosea.

Shida ni kwamba wepesi hupimwa siku hiyohiyo, ilhali kosa huonekana malipo yakitoka. Robota la kilo 83 likiandikwa 38, mkulima kapoteza kilo 45. Tuseme bei ya daraja lile la tumbaku ni dola 2 kwa kilo: dola 90 zimeyeyuka. Tena deni la pembejeo hukatwa kwanza, kwa hiyo pengo lote linaangukia kile kidogo ambacho angekwenda nacho nyumbani. Watoto wake ndio wanaolipia wepesi ule.

Karani anayeijua kazi wala hapekui marobota yote upya. Anajumlisha kila ukurasa, analinganisha na jumla ya stakabadhi, kisha tofauti anaigawa kwa 9. Isipobaki kitu, anashuku tarakimu zilizopinduliwa, maana kupindua tarakimu mbili jirani daima huleta tofauti inayogawanyika kwa 9. Kwa 45 jibu ni 5, basi anakagua tu marobota ambayo tarakimu zake zimepishana kwa 5: 83, 72, 61 na wenzao. Ikibaki kitu, anatafuta robota lenye uzito sawa na tofauti yenyewe. Huenda limerukwa, au limeandikwa mara mbili. Hapo umakini ndio unaookoa muda, na yule mwepesi asiye na mbinu atakesha na daftari.

Tabora ina vyuo vinavyowafundisha watu wa aina hii: Chuo cha Ardhi, Chuo cha Reli, na tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma linalojulikana kwa uhazili na utunzaji wa kumbukumbu. Kwenye masjala, ofisi ya kutunza majalada, jalada likirudishwa kwenye namba isiyo yake limepotea ingawa lipo kabatini. Kwenye upimaji, tarakimu moja yenye kosa huihamisha bikoni, alama ya mpaka, hadi kiwanja cha jirani, na ugomvi huanza msingi ukichimbwa.

Kwa hiyo kwenye usaili ulizia: kosa hapa hugundulika lini, na nani huligundua? Ukijibiwa kuwa ni mteja, baada ya wiki kadhaa, hapo unahitajika kweli. Dukani, ambako chenji huhesabiwa papo hapo, wepesi una thamani zaidi. Kuandika kwenye barua kwamba wewe ni makini hakusaidii, kila mwombaji anaandika hivyo. Omba ukurasa mmoja wa daftari uulinganishe mbele yao.

Na umakini usio na kikomo ni hasara kwa mwajiri, hilo tulikubali. Dawa yake ni kupatana mapema: mizani isomwe mara moja kwa sauti, mkulima akisikia, kisha karani apewe saa mbili za kulinganisha soko likifungwa. Saa hizo ziwe kabla lori halijaondoka, maana likishaondoka ni vigumu robota kupimwa tena mbele ya mkulima.