Mishikaki ya Kifuani

Kosa lilikuwa la herufi moja, na herufi hiyo sikuiandika mimi. Naliweka hili mbele mapema kwa sababu kwenye ukoo wetu habari hii husimuliwa kana kwamba niliamka tu asubuhi nikaamua kuwachomea kina mama nyama.

Mdogo wangu alikuwa anaoa. Binti kwao Bujumbura, sherehe Dar es Salaam, kamati ya harusi watu 19, na katibu ni mimi, niliyechaguliwa kwa sifa moja: "Huyu Kiingereza anakijua." Shangazi yetu anaishi Uingereza, kwenye mji unaoandikwa Reading ukatamkwa Redingi. Hapo tu ningepaswa kushtuka kwamba kinachoandikwa huko hakiaminiki. Wiki mbili kabla ya harusi akatuma pauni 60 na ujumbe:

"Baba, hizo ni za broach 6 za kina mama. Ziwe rangi ya dhahabu. Zikae kushoto. Ni sapraizi, usimwambie mtu."

Neno sikulijua. Lakini katibu aliyechaguliwa kwa Kiingereza hawezi kumuuliza mtu maana ya Kiingereza, atanyang'anywa daftari. Nikafungua kamusi. Broach: kutoboa pipa ili kinywaji kitoke. Nikasema hapana, shangazi ni mlokole. Nikashuka chini: kuanzisha mazungumzo mazito. Hayo kina mama wa kwetu wanayo tele bila kununuliwa. Nikashuka tena: chuma cha kuchomea nyama.

Nikatulia. Ila kwa uangalifu wangu (huwa hautajwi kwenye masimulizi yao) nikampigia shemeji, kaka yake bibi harusi.

"Shemeji, nyama iliyotungwa kijitini kwenu mnaitaje?"

"Burosheti."

Nilipiga meza kwa furaha. Broach, burosheti! Yote yakakaa sawa. Rangi ya dhahabu maana yake isiungue. Kushoto ni adabu za mezani za Wazungu: uma kushoto, kisu kulia, na mshikaki bila shaka una upande wake. Kilichonisumbua ni zile pauni 60. Mshikaki wa mtaani ni mia tano. Kwa pauni 60 shangazi hakutaka mishikaki ya kawaida, alitaka mishikaki ya heshima. Nikaenda gereji, fundi wa kuchomelea akanitengenezea vyuma sita vya nusu mita, ncha kali, mpini umepindwa kwa urembo. Nikanunua steki. Nikatafuta mchomaji mwenye jina. Chenji ikabaki kwa katibu, kama ilivyo desturi.

Shangazi alitua asubuhi ya siku yenyewe. Tulikutana mlangoni mwa ukumbi, yeye na gauni lake la zambarau, mimi na jasho.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Zile zangu umepata?"

"Zipo zote sita."

"Nzuri?"

"Ukiziona utalia."

"Rangi?"

"Dhahabu tupu. Nilimsimamia fundi mwenyewe mpaka ikatoka."

"Na vyuma vyake imara? Visije vikamwachia mtu katikati ya sherehe."

"Nimevichomelesha gereji, shangazi."

Akakunja uso kidogo, kisha akatabasamu. "Mafundi wa Bongo kwa ubunifu! Zihifadhi zisichafuke."

"Nimezifunga kwenye foili."

"Mungu akubariki, baba."

Mazungumzo haya nimeyarudia kichwani mara nyingi, na hadi leo sioni mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angegutuka.

Saa tatu usiku MC akashika kipaza sauti. "Shangazi wa bwana harusi, kutoka Uingereza, sasa anawavisha kina mama sita pambo la heshima!" Niliposikia "anawavisha" nilidhani ni mbwembwe tu. MC hawa hata supu wanaweza kusema inavishwa. Kina mama wakasimama mstari, vifua mbele, mpiga picha kapiga goti. Mimi nikapunga mkono kuelekea jikoni.

Wahudumu sita wakatoka kwa mwendo wa gwaride, kila mmoja kabeba nusu mita ya foili inayofuka moshi.

Shangazi alishika ya kwanza akaiachia. "Mbona ya moto?" Akafungua. Steki, kitunguu, hoho, steki. Muziki ukaendelea peke yake, kisha nao ukazimwa. Mtoto mmoja akasema, "Mama, mi nataka." Shangazi akaangalia ile ncha kali, akaangalia kifua cha mama mkwe, halafu akanitafuta mimi kwa macho. Nilikuwa nimeshajificha nyuma ya keki.

Aliyeniokoa ni huyo huyo mama mkwe. Alikuwa kavaa imvutano, vazi la kina mama wa kwao Burundi, na begani kaibana kwa kitu kinachong'aa, kama ua. Amefundisha Kifaransa miaka mingi, na mwalimu ni mwalimu hata harusini. Akagusa lile ua. "Hii kwa Kifaransa ni broche." Akagusa chuma changu. "Na hii pia ni broche. Na hizi ndogo za mtaani ndiyo brochette, yaani kibroche. Mwanangu hajakosea sana." Akachomoa kipande cha steki, akala. Vigelegele.

Usiku ule sikulala, nilikuwa na kamusi. Kumbe Kifaransa cha kale kilikuwa na neno moja kwa chuma cha nyama na kwa pini ndefu. Kiingereza kikalichukua, baadaye kikaligawa kwa tahajia: la pipa na nyama likaandikwa kwa oa, broach, la pambo la kifuani likaachiwa o mbili, brooch. Matamshi wakayaacha yale yale, yote brochi, ili watu kama mimi tuumbuke. Sisi kwa pambo hilo tunalo neno letu, bizimu, limekaa kamusini halimsumbui mtu. Na shangazi alikuwa na sababu zake: anamhusudu Madeleine Albright, mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Yule mama, magazeti ya Iraki yalipomwita nyoka, alikwenda kuzungumza habari za Iraki akiwa na pini ya nyoka wa dhahabu kifuani. Shangazi alitaka kina mama wetu wang'ae hivyo.

Asubuhi nilimwonyesha ujumbe wake. Akasema simu ndiyo iliyoandika. Nikajaribu kumfariji: Warumi pambo hilo waliliita fibula, na madaktari wakauita hivyo mfupa mwembamba ulio kando ya muundi kwa kuwa unafanana na pini yake. "Kwa hiyo, shangazi, kila mama jana alikuwa na mbili, moja kila mguu." Akanidai chenji.

Mwezi uliopita tumeanza vikao vya harusi nyingine, na ukatibu nimerudishiwa kwa kukosekana mwingine. Mweka hazina akawa anasoma bajeti: "Brosha za ratiba, 200. Brokoli, kilo 10." Nikanyoosha kidole. Nilitaka tu kuwaeleza kwamba brosha inatokana na kutungwa kwa sindano, na brokoli ni vichipukizi vilivyochomoza, na ukizifuata zote mbili nyuma kabisa unafika kwenye mzizi ule ule wa—

"Katibu," mwenyekiti akasema, "shusha mkono."