Wajane wa Joensuu na samli ya Tanga

Kila nikirudi Tanga mama hunipokea kwa swali lile lile: "Mwanangu, kwani huko hamli?" Nimepungua kilo sita, basi mtaa mzima unajua Ulaya imenikataa. Mdogo wangu, ambaye hajawahi kutoka Ngamiani, ndiye anayeambiwa amenawiri. Ana kitambi, ana miaka 38, na ana presha ya kupanda. Dawa anameza akijisikia vibaya tu.

Mimi naishi Joensuu, mashariki ya Finland, kama kilomita 70 kutoka mpaka wa Urusi. Kazi yangu ni kuhudumia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwagawia vidonge. Ghorofa yetu ina wazee 14, na wanaume ni wawili. Nilipoanza nilidhani wanaume wana jengo lao. Kumbe walishakufa, tena zamani.

Bibi wa chumba cha mwisho ana picha ya mumewe juu ya kabati. Mwanamume mwenye kofia ya manyoya, chenso begani, theluji mpaka magotini. Bibi ana miaka 91, mume yuko pale pale kwenye 46. Alianguka msituni mwezi wa Februari, moyo ukasimama. Bibi anasimulia hivyo, halafu anaongeza kwamba shemeji zake wawili nao walikwenda kwa njia hiyo hiyo. Kisha anaomba kahawa.

Sisi nyumbani tukisikia Mzungu kafika miaka 90 tunasema wana hospitali, wana mashine. Lakini hapa nilipo, miaka ya 1960 na 1970, wanaume walikuwa wanakufa kwa moyo kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Mtafiti Mmarekani Ancel Keys alizilinganisha nchi saba, na mashariki ya Finland ikashika mkia. Waliofanya vizuri kuliko wote walikuwa wakulima wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, ambao hawakuwa matajiri hata kidogo. Hawa wa huku walikuwa wakata miti na wafugaji, watu wa kazi ngumu kutwa nzima. Kazi ngumu haikuwaokoa. Walikula siagi kwenye kila kitu, maziwa yenye mafuta yake yote, nyama yenye chumvi nyingi, mboga waliziona chakula cha sungura, na zaidi ya nusu ya wanaume walivuta sigara.

Mwaka 1971 wakubwa wa mkoa wetu, Karelia Kaskazini, waliiandikia serikali barua: tusaidieni, tunakwisha. Mwaka 1972 mradi ukaanza, na aliyekabidhiwa ni daktari kijana, Pekka Puska, hajafika hata miaka 30. Hiki ndicho ninachopenda kuwasimulia watu wa kwetu, maana hakuanza kwa kujenga jengo. Alikwenda jikoni. Chama cha akina mama kiitwacho Martha kiliandaa karamu za jioni vijijini, mchuzi ule ule wa nyama wa Karelia ukapikwa kwa mafuta kidogo na mboga nyingi, watu wakala, wakaona haujawaua. Vijiji vilishindanishwa. Kiwanda cha soseji kilibembelezwa kipunguze mafuta na chumvi. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa maziwa, kwa sababu ng'ombe ndiye aliyekuwa akilipa karo, na wenye viwanda vya siagi hawakufurahi. Ikabidi baadhi ya wafugaji wasaidiwe kulima beri, yale matunda madogo ya huku. Na mafuta ya mbegu za rapa yakaingia mahali pa siagi.

Baada ya miaka 35 hivi, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimeshuka zaidi ya asilimia 80. Dawa na hospitali zilichangia, hasa baadaye, lakini sehemu kubwa ilitoka mezani na kwenye paketi ya sigara. Wakati huo ng'ambo ya mpaka, Karelia ya Urusi, misitu ile ile, ziwa lile lile, maisha yalikwenda kinyume. Mwaka 1994 wastani wa umri wa kuishi wa mwanamume wa Urusi ulishuka chini ya miaka 60. Pombe, sigara, kukata tamaa. Kwa hiyo mtu akiniambia "Wazungu wanaishi sana" namuuliza, Wazungu wa upande gani?

Sitaki kudanganya kwamba huku ni peponi. Aliyeponea moyo akiwa na miaka 46 anakuja kwangu akiwa na 88, hajui jina la bintiye. Finland ni miongoni mwa nchi ambazo ugonjwa wa kusahau unaua sana. Bibi yangu mzaa mama alikufa Tanga akiwa hajafika 75, chumba kimejaa watu, mmoja anampepea, mwingine anasoma Yasini. Bibi wa chumba cha mwisho atakufa zamu ya usiku, nikiwepo mimi au mwenzangu Mfilipino. Na nyumbani kuna mambo tumeyafanya vizuri, tusijidharau: vifo vya akina mama wajawazito Tanzania vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai laki moja katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022.

Kinachonikera ni hiki. Tumeshawaokoa akina mama na watoto, sasa tunawakuza ili wale kama Joensuu ya 1972. Chipsi mayai na chumvi ya kunyunyiza. Wali uliozama kwenye samli. Harusini meza imejaa soda, na machungwa ya Muheza yanaoza kando ya barabara. Mtu akipooza upande mmoja tunaulizana nani kamroga.

Safari iliyopita nilikwenda na kipimo cha presha. Nikakaa barazani kwa mama, majirani wakapanga foleni kama kwenye mgao wa maji. Mama muuza bajia wa pembeni akatoka 190 kwa 110. Akaniuliza kama mashine haikuharibikia kwenye ndege. Nikampumzisha, nikampima mkono mwingine: 188. Nikamwambia aende zahanati sasa hivi, asingoje.

"Nitakwenda Jumatatu, mwanangu," akasema, akijifunga khanga vizuri. "Leo mafuta yameshapata moto."