Uso wa mtoto si habari

Kila Mtanzania aliyeko ughaibuni ameshatumiwa video ya aina hii. Vijana wanaotuhumiwa uporaji wameketishwa na polisi chini kwenye vumbi, mapanga na simu zimepangwa mbele yao, na maikrofoni nne zimesogezwa mdomoni mwa mdogo kuliko wote. "Unaitwa nani? Unasoma wapi? Mama yako anajua?" Mtoto anajibu yote. Kufikia jioni Dodoma nzima inamjua, kuanzia Majengo hadi Ihumwa.

Huku England, ninakoandikia, video hiyo haiwezi kurushwa. Mtoto wa miaka 10 hadi 17 kwa kawaida hushtakiwa katika mahakama ya vijana. Raia wa kawaida haingii kusikiliza. Mwandishi wa habari anaingia na anaandika mwenendo mzima wa kesi, ila sheria ya mwaka 1933 inamkataza kutaja jina la mtoto, anwani, shule au mahali anapofanya kazi, kuonyesha picha yake, na kutoa kingine chochote kitakachomfanya msomaji amtambue. Hata kabla mtoto hajafika mahakamani, kanuni za maadili za magazeti zinamtaka mhariri kwa kawaida asimtaje. Na tangu mtu anapokamatwa, sheria ya mwaka 1981 ya kudharau mahakama inamhusu mhariri mwenyewe: habari itakayoharibu haki ya mshtakiwa kusikilizwa inaweza kumfikisha yeye kizimbani.

Msidhani basi kwamba sheria zetu ni dhaifu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inataka shauri lake lisikilizwe faragha kwenye Mahakama ya Watoto, ofisa ustawi wa jamii akiwepo, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Kanuni ya Adhabu inasema aliye chini ya miaka 10 hana jinai, na aliye chini ya 12 hana pia mpaka ithibitike kwamba alijua anachofanya ni kosa. England waliifuta kinga kama hiyo mwaka 1998. Kwao mtoto akitimiza miaka 10 anabeba jinai kama mkubwa. Hapo tumewazidi, na tuseme hivyo bila aibu. Kinachotuangusha ni kwamba faragha ya mahakama inaanza wakati uso wa mtoto umeshazunguka nchi nzima. Hakimu anafunga mlango wa chumba ambacho kila mtu ameshaona kilichomo.

Wahariri wengi watasema wao huwa wanaficha sura. Tutazame wanavyoficha. Mstari mweusi juu ya macho unaacha mdomo, masikio, kovu na sare ya shule yenye nembo. Ukungu uliowekwa kwenye video unabaki palepale mtoto anapogeuza kichwa ghafla, na picha moja tu iliyoponyoka inatosha mtu kuikamata na kuisambaza. Mara nyingi video imefichwa vizuri lakini picha ya jalada, ile inayokufanya ubonyeze, imeachwa wazi. Sauti nayo: iliyobadilishwa kwa programu inaweza kurudishwa, hivyo ni salama zaidi mtu mwingine asome maneno yake. Halafu kuna kumtambulisha kwa vipande. Gazeti moja linaandika "mwanafunzi wa kidato cha pili", redio inataja mtaa wa Chang'ombe, TV ya mtandaoni inamhoji mama mlangoni kwake. Hakuna aliyetaja jina, na jirani ameshalijua. Dawa yake ni umri, kosa na wilaya, basi. Shule, mtaa na kazi ya mzazi viachwe. Na ifanyike kabla ya kurusha, kwa sababu ukifuta baadaye, makundi ya WhatsApp hayafuti.

Ila jambo linaloniuma zaidi ni yule asiyeonekana kwenye picha. Genge la watoto halijiundi lenyewe. Uingereza, ambako magenge ya dawa za kulevya huwatuma watoto wa miji mikubwa kwenda kuuza miji midogo, njia hii imeandikwa sana. Kwanza ni zawadi: viatu, chakula, simu. Kisha kazi nyepesi, kubeba kifurushi kimoja. Halafu mtoto anaporwa mzigo njiani, na aliyempora ni mtu wa genge lilelile, bila yeye kujua. Sasa ana deni, na deni halilipiki ila kwa kubeba zaidi. Sheria ya mwaka 2015 ya utumwa wa kisasa inampa mtoto wa namna hii utetezi mahakamani, kwa makosa kadhaa, kwa sababu alitumikishwa.

Kwetu vitu ni vingine, mwendo ni uleule. Kaka mmoja wa kijiweni ananunua chipsi mayai, anamwachia dogo aendeshe bodaboda, anamwita "mwanangu". Siku moja anamwambia, "Wenzako wote wameshafanya, wewe unaogopa?" Na swali hilo linauma zaidi katika umri ule. Mwaka 2005 watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Marekani waliwapa vijana na watu wazima mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana walipotazamwa na wenzao walijihatarisha zaidi kuliko walipocheza peke yao. Kwa watu wazima kutazamwa hakukubadili kitu.

Sasa mrushie dogo huyo uso wake nchi nzima. Wanafunzi wenzake wanamkwepa, mtaani anaitwa Panya Road, jina la magenge ya vijana waporaji. Anayempokea ni kaka yuleyule: "Umeona? Wameshakutangaza. Umebaki na sisi." Hapo mwandishi amemfanyia mkubwa wa genge kazi yake.

Ukimya nao una gharama, na England wameilipa. Southport, tarehe 29 Julai 2024, watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu. Mtuhumiwa alikuwa na miaka 17, hivyo jina halikutolewa. Mitandao ikamtungia jina la uongo na kudai alikuwa mkimbizi aliyekuja kwa boti, na kesho yake jioni watu wakaushambulia msikiti wa mji huo. Jaji aliruhusu jina litajwe tarehe 1 Agosti. Kwa hiyo kumficha mtoto hakumaanishi kunyamaza. Polisi na waandishi wa Dodoma waseme mapema, tena mara kwa mara, yale yanayoruhusiwa: umri, hatua ya kesi, na uvumi upi si kweli.

Aliyeporwa simu usiku Nkuhungu ana haki ya kukasirika na ana haki ya kupewa habari. Mpeni habari kamili. Simu ile iliuzwa kwa nani, kwenye kibanda gani? Bodaboda iliyotumika ni ya nani? Nani mwenye miaka 25 au 30 alikuwa akikaa na watoto hawa jioni, na kwa nini hayupo pale kwenye vumbi? Ulizeni hayo kwa kamanda, maikrofoni zote nne, kabla hamjamgeukia mtoto.