Nionyeshe mgongo wa upanga, jina baadaye

Watu wakinitumia picha za upanga wa kale wa Ulaya, ya kwanza huwa ya mpini, ya pili ya jina lililochorwa kwenye bapa. Mimi huuliza: mgongo, yaani ukingo butu ulio mkabala na makali, je?

Kwangu jina ndilo la mwisho kuaminiwa. Mfano ni Andrea Ferara. Mhunzi huyo alikuwepo kweli, Belluno, Italia, karne ya 16, na sifa zake zilivuma. Ila bapa nyingi za Waskoti zenye jina lake zilifuliwa Solingen, Ujerumani, nyingine yeye akiwa kaburini zamani. Wachongaji hata tahajia haikuwashughulisha: mara Ferara, mara Farara, mara Andria. Mchoro wa mbwa mwitu anayekimbia, unaotiwa kwenye bapa, nao ni hivyo hivyo. Alikuwa chapa ya mafundi wa Passau, mji mwingine wa Ujerumani, Solingen wakamchukua. Mikato yenyewe ni michache, kiasi kwamba wengine ukiwatazama utasema ni mbuzi. Amefika hadi Oman, kwenye panga ambazo bapa ni la Kijerumani na mpini ni wa huko.

Wafaransa wamenirahisishia kazi. Panga zao za jeshi za karne ya 19, za viwanda vya silaha vya Klingenthal au Châtellerault, mara nyingi zina mwandiko mwembamba mgongoni, karibu na mpini: kiwanda, mwezi, mwaka. Hata utawala unausoma hapo. Ukikuta Royale, yaani cha kifalme, nchi ilikuwa na mfalme. Impériale, yaani cha kifalme mkuu (empaya), ni Napoléon mmoja au mwingine.

Wilkinson, watengeneza panga wa London, wao walitia kidude cha shaba cha mviringo kwenye bapa, chini ya mpini, ishara kwamba upanga umepindwa na kupigwa ukastahimili. Wengi huishia hapo, wakasoma PROVED, yaani umejaribiwa, wakafurahi. Lakini viwanda vingine navyo vilitia kidude kama hicho, na si vyote vilivyojaribu kwa ukali uleule. Chenye thamani ni namba ya mgongoni, iliyoanza kutiwa miaka ya 1850. Daftari za kiwanda zipo, na namba hukupa tarehe, mara nyingine hata jina la ofisa aliyeununua.

Ndiyo maana msasa unanichukiza. Kutu ya juu inataka mafuta, kitambaa na subira; kisha ulaze tochi ubavuni, mwanga upite juu ya chuma. Niliwahi kushika upanga uliosuguliwa ukameta kama sahani mpya. Mgongoni zilibaki tarakimu mbili, 3 na nusu ya 8.