Naivasha: Samaki Waliisha au Walibadilishwa?

Ukishuka alasiri ufuo wa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, utauziwa kipande cha karpu kilichokaangwa mpaka vimiba vyake vikavunjika mdomoni. Mlaji wa tilapia hukinyofoa kwa shaka, akilalamikia miba na harufu ya matope, kisha anakimaliza. Karpu hakuonekana katika ziwa hili kabla ya takriban mwaka 2001. Kufikia 2010 ndiye aliyekuwa akiendesha biashara pale.

Kila ubishi wa "nani alimaliza samaki" unapozuka, jambo moja husahaulika: ziwa hili halikuwa na samaki wa kuuza. Wa asili aliyejulikana alikuwa mmoja tu, mdogo sana, na hajaonekana tangu 1962. Wengine waliletwa. Bass, samaki mwindaji, alitolewa Marekani mwaka 1929 ili walowezi wapate wa kuvua kwa ndoana. Tilapia waliokuja kuvuliwa kibiashara wakafuata miaka ya 1950. Uvuvi wa biashara ukaanza 1959, na mwaka 1970 ukatoa takriban tani 1,150. Mwaka 1997 zilikuwa tani 21.

Upande mmoja unasema ni nyavu. Matundu yalipaswa kuwa inchi nne kwenda juu, lakini wengi walitega madogo zaidi, wakabeba samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Wavuvi nao wananyoosha kidole ng'ambo ya uzio: mashamba ya maua yananyonya maji, yanarudisha mbolea na dawa, na mafunjo ya ukingoni, mazalio ya samaki, yamefyekwa.

Tarehe zinawapa nguvu wa kwanza. Mavuno yalianza kuporomoka mapema miaka ya 1970, wakati maua hayajashamiri. Hata samaki walipokufa kwa wingi mwaka 2010 na lawama zikaelekezwa kwenye dawa za mashamba, maelezo yaliyotolewa yalikuwa ukosefu wa oksijeni, baada ya ukame mkali kufuatwa na mvua. Sisemi mashamba hayana doa. Nasema anguko la kwanza si lao. Kamba wekundu wa Louisiana (crayfish), walioletwa 1970 na kuuzwa hadi Ulaya, nao walitafuna mimea ya majini kabla ya mtu kumlaumu mwenye waridi.

Serikali ilifunga ziwa kwa mwaka mzima kuanzia Februari 2001. Wanaotetea hatua hiyo huonyesha mizigo mikubwa iliyokuja baadaye. Hapo ndipo nasita. Kufikia 2010 sehemu kubwa kabisa ya mizigo hiyo ilikuwa karpu, ambaye inaaminika aliingia kwa bahati mbaya kupitia mito. Huchimbua tope akitafuta chakula na kuyachafua maji, naye bass huwinda kwa macho, hivyo huumia. Kwa hiyo kinachoitwa matunda ya nidhamu ni kwa kiasi kikubwa matunda ya ajali. Kufunga ziwa kulisaidia, ndiyo, ila si kwa kiasi kinachotangazwa.

Hoja nzito ya wavuvi dhidi ya mashamba kwangu si ya dawa. Ni ya watu. Maua yamevuta maelfu ya vijana hadi mitaa ya Karagita na Kamere, kando ya ziwa. Kazi ikikatika, nauli ya kurudi kwao hakuna. Usiku wawili wanaingia majini kwa miguu, maji yakiwafika kifuani. Mmoja anashika wavu, mwenzake anapiga maji kuwasukuma samaki, na wote wanatega sikio kiboko asije. Wanavua pembezoni, pale pale samaki wanapozalia. Mwenye leseni na boti anawachukia kuliko afisa anavyowachukia, na ana haki, maana yeye ndiye anayelipia leseni na kutii matundu.

Doria huwakamata, wengine wakachukua nafasi zao. Mwaka 2020 maji yalipanda, yakameza nyumba za mtaa wa Kihoto, na ufuo ukafika milangoni mwa watu. Kwa wengine, kwenda kuvua kukawa ni kufungua mlango wa nyuma.