Salio la benki si fedha za asasi

Kwenye kikao cha bodi ya asasi ya kiraia, mweka hazina akisema benki kuna milioni 60, wajumbe hushusha pumzi. Swali la kumuuliza ni moja: za nani?

Tuchambue. Milioni 51 ni za mradi wa visima, na mkataba unakataza kuzigusa kwa jambo lingine. Toa 1,200,000 za NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, ambazo bado hazijapelekwa (asilimia 20 ya mishahara, ya mwajiri na ya mfanyakazi kwa pamoja). Zinabaki 7,800,000. Pango, umeme wa LUKU, bando, mlinzi na mshahara wa mhasibu vikila 3,900,000 kwa mwezi, asasi ina uhai wa miezi miwili. Tarakimu hiyo ndiyo ikae juu kabisa ya taarifa, pembeni yake ile ya miaka mitatu iliyopita. Mapato yanaweza kupanda kila mwaka huku miezi hiyo ikipungua, maana kila mradi mpya huja na mafuta, ripoti na ukaguzi ambavyo bajeti yake haikuvitengea kitu.

Penye hatari zaidi ni kati ya awamu na awamu ya fedha za mfadhili. Mfadhili hatoi ya pili mpaka apitishe ripoti ya kwanza. Ikirudishwa kwa risiti zilizokosekana, mishahara haisubiri. Hapo ndipo fedha za visima "huazimwa" kulipa walimu wa mradi mwingine. Mkaguzi akizikuta, yanaandikwa matumizi yasiyokubalika, na mfadhili anadai chake.

Halafu kuna dola. Mwishoni mwa 2024 shilingi ya Tanzania iliimarika ghafla, kutoka karibu 2,700 hadi karibu 2,400 kwa dola ndani ya wiki chache. Ruzuku ya dola 20,000 iliyopangiwa milioni 54 ingeingia milioni 48, na muuza saruji hana habari. Kwa hiyo bajeti ipangwe kwa kiwango cha chini kuliko cha siku ya kusaini.

Akiba haitoki kwenye miradi. Inatoka kwenye ada za wanachama, michango isiyo na masharti, ukumbi unaokodishwa. Iwe na akaunti yake, saini mbili, na isitoke bila azimio la bodi. Wafadhili nao wana sehemu yao: anayekataa kulipia pango na mhasibu, kisha akadai hesabu zilizokaguliwa, anawafundisha watu kuficha pango ndani ya fungu la semina.